JINJA HADI LUGAZI: SOMO LA HATUA YA SIKU MOJA KATIKA NJIA YA NAMUGONGO

Na mwanafunzi wa kidato cha tatu

UTANGULIZI



Chama chetu cha Kiswahili kilipokuwa kikigawa kazi za jarida la mwaka huu, kila mwanachama aliambiwa aandike makala ya mafunzo kuhusu jambo analolijua vizuri. Mmoja akaandikiwa kilimo cha Katilu, mwingine ufugaji wa mbuzi. Mimi nikaambiwa, "Wewe andika juu ya kutembea, kwa sababu kila asubuhi unatoka mbali." Darasa zima likacheka. Ni kweli, mimi ni mwanafunzi wa kutwa na miguu yangu ndiyo basi langu. Tena wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2024, nikiwa kidato cha kwanza na umri wa miaka 14, nilikwenda hija ya Namugongo kule Uganda. Niliporudi mliniuliza kama nilitembea hatua yangu yote nikamaliza. Nikasema ndiyo.

Haikuwa kweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho wake hapa katika ukurasa huu. Kwa hivyo makala haya yana kazi mbili: kuwafunza namna mtu anavyotembea hatua ya siku moja ya safari ndefu, na kuwaeleza jinsi mimi nilivyoshindwa kuitembea.

1. MAANA YA MANENO

Kabla hatujaanza safari, tuelewane kuhusu maneno manne.

Hija ni neno tulilopata kutoka Kiarabu. Waislamu hulitumia kwa ibada ya Makka, ambayo ni nguzo ya tano ya dini yao, na Muislamu mwenye uwezo hutakiwa kuitimiza angalau mara moja maishani. Wakristo wa Afrika Mashariki nao hulitumia kwa safari ya kwenda mahali patakatifu. Anayekwenda huitwa hujaji, na wakiwa wengi ni mahujaji.

Nadhiri ni ahadi ambayo mtu humwekea Mungu, kwamba akijaliwa jambo fulani naye atafanya jambo fulani. Akishalifanya, husemwa kwamba ameondoa nadhiri.

Masurufu ni pesa na vitu vya matumizi ya safarini.

Hatua ina maana mbili, na hujaji huzihitaji zote. Kwanza ni umbali kutoka mguu mmoja hadi mwingine mtu anapotembea. Pili ni sehemu moja ya jambo refu. Kule Hispania iko njia maarufu ya mahujaji, ya kwenda Santiago de Compostela. Wanaoanzia mpakani upande wa Ufaransa hutembea karibu kilomita 780. Ukiisikia namba hiyo unaweza kukaa chini. Lakini njia hiyo imegawanywa katika hatua za siku, nyingi zikiwa za kilomita 20 hadi 30 hivi, na anayeamka asubuhi hufikiria zile za leo peke yake. Za kesho zina siku yake.

2. NAMUGONGO NI WAPI, NA KWA NINI WATU HUENDA KWA MIGUU?

Namugongo iko karibu kilomita 15 kaskazini mashariki mwa jiji la Kampala. Hapo ndipo wanapokumbukwa Mashahidi wa Uganda, vijana na watu wazima 45 waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda. Kati yao 22 walikuwa Wakatoliki na 23 Waanglikana. Wengi walikuwa watumishi katika jumba la mfalme. Siku inayokumbukwa zaidi ni Juni 3, 1886, ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale Namugongo. Kizito, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote, hutajwa kuwa alikuwa na miaka 14 hivi. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mnamo Oktoba 18, 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe. Kanisa kubwa lililojengwa hapo lina nguzo 22 kwa hesabu ya mashahidi hao. Waanglikana pia wana mahali pao pa kumbukumbu papo hapo Namugongo. Kila mwaka Juni 3 ni siku ya mapumziko nchini Uganda.

Sasa, kwa nini watu waende kwa miguu na magari yapo? Jibu liko katika historia yenyewe. Mashahidi wengi hawakuuawa pale walipohukumiwa. Walihukumiwa Munyonyo, karibu na Ziwa Viktoria, kisha wakaswagwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo. Baadhi yao waliuawa njiani. Gonzaga Gonza aliumizwa na pingu hata miguu ikakataa kwenda, akachomwa mkuki Mei 27, 1886 kabla ya kufika. Nawaomba mkumbuke habari za Gonza, kwa kuwa nitazirudia.

Hija ya kwa miguu basi ni kufuata nyayo. Watu huja kutoka pembe zote za Uganda, na pia Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wengine hutembea wiki mbili au tatu. Wakenya wengi huvukia Malaba au Busia, na kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Tororo, Iganga na Jinja.

3. KWA NINI SISI TULIKWENDA

Kaka yangu alikuwa utingo wa lori katika barabara yetu hii ya A1. Mwaka 2021 lori lao lilimiminiwa risasi na watu waliojificha vichakani. Risasi moja ilimwingia paja la kushoto. Alipona, lakini mguu ule ukabaki mfupi wa nguvu, na kazi ikaisha. Kwa miaka mitatu hakutembea zaidi ya kutoka nyumbani hadi sokoni. Jioni alikuwa akikaa juu ya ekicholong ya marehemu babu akiangalia malori yakipita.

Usiku ule alipokuwa kati ya kufa na kupona, nyanya yetu aliweka nadhiri: mjukuu wake akiishi, atampeleka Namugongo kwa miguu. Padri alimweleza kwamba kutoka Kalemng'orok hadi Namugongo ni zaidi ya kilomita mia tano. Nyanya akafikiri kwa siku mbili, kisha akarudi kwa padri na kumwambia, "Mguu wa mjukuu wangu una siku moja. Mungu atachukua siku moja." Wakakubaliana iwe hatua ya Jinja hadi Lugazi, karibu kilomita 35. Sehemu nyingine zote tungepanda gari.

Mimi niliongezwa kwenye safari kwa kazi maalumu. Nyanya alinipa mtungi wa plastiki wa lita tano, akaniambia hivi:

"Wewe ndiwe kisima cha kaka yako. Ukae karibu naye. Kisima hakihami."

Nikaitikia.

Kupata ruhusa hakukuwa rahisi. Mtakumbuka kwamba mwaka huo mafuriko yalifanya shule zifunguliwe Mei 13 badala ya Aprili 29. Mwalimu alinitazama akasema, "Tumeshapoteza wiki mbili, na wewe unataka kupoteza siku zingine tatu?" Mwishowe akaniachilia, kwa sharti kwamba nirudi na kitu cha kuandika. Mwalimu, nisamehe, deni lako nalilipa leo.

4. HATUA YENYEWE

Tulilala Jinja usiku wa Ijumaa. Jumamosi Juni 1, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na lami ilikuwa ikimeta. Kundi letu la kutoka nyumbani lilikuwa la watu kumi na mmoja, lakini barabara ilijaa mahujaji wengine, wenye bendera, wenye ngoma, wenye watoto mgongoni.

Kulipokuwa kukipambazuka tulivuka Nile kwa lile daraja jipya linaloning'inia kwa nyaya, ambalo lilifunguliwa Oktoba 2018 na lina urefu wa mita 525. Nyanya alisimama katikati yake akainamia ukingo. Alikaa pale muda mrefu hadi nikaona haya.

"Maji haya yote yanaenda wapi?" akauliza.

"Yanaenda Sudan, halafu Misri," kaka akajibu.

"Na huku watu wanachota bila kupigana?"

Kaka hakujibu. Alimshika mkono wakaendelea. Mwendo wao ulikuwa hivi: kaka anatanguliza mguu mzima, anavuta ule mwingine, anaegemea fimbo, na nyanya anamngoja. Kila baada ya saa moja walikaa dakika kumi, wachoke wasichoke. Kaka alikuwa amevaa akala zake kuukuu za tairi. Mimi nilikuwa nimevaa raba mpya nyeupe nilizonunuliwa Kitale siku mbili kabla, na niliziangalia zaidi ya nilivyoiangalia njia.

Ilipofika saa tatu asubuhi, jua lilikuwa limeanza kukaza na sisi tulikuwa tumekwenda kilomita kumi na mbili hivi. Mahujaji wazee, wajawazito na hata mtawa mmoja wa makamo walikuwa wametupita. Ndipo likaja kundi la vijana kutoka magharibi ya Kenya wakiimba na kukimbia mchakamchaka. Mmoja akanipigia kelele, "Wewe wa miguu mirefu, unafanya nini huko nyuma na wazee?"

Niliwaza: mimi ni Mturkana. Mtoto wa Turkana hufuata mbuzi tangu anapoacha kubebwa. Nani wa kunifunza kutembea? Nikamwambia kaka, "Nawasindikiza kidogo tu, nitawangoja mbele."

Kaka alinitazama. "Sawa. Lakini si uniachie maji?"

Nilishaanza kukimbia. Nilimsikia, na nitakuwa mwongo mara ya pili nikisema sikumsikia. Nilijiambia kwamba kuteremsha mtungi mgongoni na kuufungua kamba kutanichelewesha na vijana watanipita.

Baada ya mashamba ya miwa na chai, barabara inaingia msitu wa Mabira. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi, na kwetu hakuna cha kuulinganisha nao. Miti imesimama kama ukuta pande zote mbili, na hewa ni nzito kama ya jikoni wakati sufuria inatokota. Hakuna duka na hakuna nyumba. Malori yanapita karibu hata shati linapepea. Tuliimba, tukakimbia, tukatembea, tukakimbia tena. Kama saa tano nilianza kusikia moto chini ya nyayo. Nikasema ni kawaida.

Saa sita nikafika Najjembe, soko la barabarani ndani ya msitu ule, ambapo wauzaji hukimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Wenzangu walikaa kidogo wakaondoka. Mimi niliketi nikavua raba. Soksi zilikuwa zimelowa chepechepe kwa jasho. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa shilingi ishirini, cha kushoto mawili, na chini ya vidole ngozi ilikuwa imeachana na nyama. Nikajaribu kusimama. Nikakaa.

Ndipo nikauona mtungi. Ulikuwa bado karibu umejaa.

Msomaji, hapo ndipo palipokuwa na mtihani wangu, na sikuupita. Ningeweza kurudi nyuma hata kwa kutambaa, au kumpa mtu wa pikipiki mtungi ule aupeleke. Sikufanya hata moja. Nilijiambia kwamba bila shaka kaka ameshachoka na kupandishwa gari, na kwamba nyanya ana chupa yake. Nilikaa chini ya kibanda saa tatu nzima, nikiangalia kila anayetokea kwenye kona ya msitu.

Saa tisa alasiri wakatokea watu watatu: nyanya, kaka na mama mmoja nisiyemjua aliyekuwa amembebea kaka mfuko wake. Midomo ya kaka ilikuwa imekauka na kupasuka. Chupa ya nyanya ilikuwa imeisha kabla hawajaingia msituni. Baada ya kwenda saa mbili bila maji, kaka alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mti kando ya barabara, kichwa kinamzunguka, na nyanya alikuwa akisimamisha magari yasiyosimama. Mama yule aliyekuwa akipita na kundi lake akaliacha kundi, akampa kaka chupa yake, akakaa naye hadi alipoweza kusimama. Tangu hapo alitembea nao.

Nilimpa kaka mtungi. Aliupokea, akaupima uzito mkononi, akacheka kidogo.

"Kisima kilihama," akasema.

Basi. Hakusema lingine, wala nyanya. Afadhali wangenichapa.

Nilikuwa nimeshika mwiba ili nitoboe malengelenge yangu. Mama yule akanipokonya. "Wachana nayo. Ukitoboa na uchafu huu, kesho utabebwa." Akanisafisha kwa maji na kunifunga kwa kitambaa safi.

Nyanya akamuuliza anatoka wapi. "Sigor," akajibu. Sigor ni Pokot Magharibi. Nyote mnajua habari za huku kwetu na kule kwao, mifugo iliyochukuliwa na watu waliozikwa, pande zote mbili. Nyanya alinyamaza. Kisha akafungua kifundo cha leso yake, akatoa tumbaku, akaikata vipande viwili, akampa mwenzake kile kikubwa.

"Barabara yetu ni moja," nyanya akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Na kweli ni moja: A1 ile ile inayopita Marich kule kwao ndiyo inayopita hapa Kalemng'orok.

Kutoka Najjembe hadi Lugazi hazizidi kilomita kumi. Kaka alizitembea. Mimi nilizipita juu ya bodaboda, miguu imefungwa vitambaa, raba zangu nyeupe zikining'inia shingoni. Nilifika mapema nikangoja kwenye uwanja wa kanisa pamoja na wagonjwa. Wenyeji walikuwa wakituambia "Mukulike!", yaani poleni na safari, na kila niliposikia neno hilo niliinamisha kichwa, kwa kuwa halikuwa langu. Saa moja usiku niliiona fimbo ya kaka ikiingia langoni.

Jumapili tulipanda gari hadi Namugongo, na Jumatatu Juni 3 tulisali pamoja na umati ambao sikuuona mwisho wake. Kaka alikaa nyasini, mguu ameunyoosha mbele. Walipotajwa mashahidi na likafika jina la Gonzaga Gonza, nilikumbuka kwamba Gonza ni yule ambaye miguu ilimkatalia njiani. Yeye aliuawa na watu waliokuwa na haraka ya kufika. Sikuweza kuinua macho.

5. KWA NINI NILISHINDWA: MAELEZO YA KISAYANSI

Niliporudi nilitafuta kujua jinsi mtu aliyezoea kutembea anavyoweza kushindwa na kilomita 26, wakati mwenye mguu mbovu anatembea 35. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza ni jasho. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hapa Turkana hewa ni kavu, kwa hivyo jasho hukauka upesi, ngozi hupoa na miguu hubaki mikavu. Kule Mabira hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki, linabaki hapo hapo, mwili haupoi vizuri na soksi hulowa. Ujuzi wangu wa kutembea ulikuwa wa nchi kavu, nami nikaupeleka msituni bila kuuliza.

Pili ni malengelenge. Hutokea ngozi laini na yenye unyevu inaposuguliwa mahali pamoja mara nyingi. Tabaka la juu huachana na la chini, na maji hujaa katikati. Tufanye hesabu. Hatua moja ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 70. Kilomita 35 ni mita 35,000, ambazo ukizigawa kwa 0.7 unapata hatua 50,000. Kwa hiyo kila mguu hukanyaga mara 25,000. Kiatu kipya kinachokuuma kidogo tu kitakuuma kidogo mara elfu ishirini na tano. Akala za kaka zilikuwa wazi, hewa ilipita, na nyayo zake zilizijua.

Tatu ni mwendo. Anayekimbia na kusimama huchoka kuliko anayekwenda mwendo mmoja. Kaka alipumzika kabla ya kuchoka, mimi nilipumzika baada ya kuumia.

6. KANUNI ZA KUTEMBEA HATUA YA SIKU

(a) Anza alfajiri, wakati jua halijapanda. Kwa kilomita 30 na zaidi, weka hesabu ya siku nzima, siyo ya saa sita.

(b) Usivae kiatu kipya. Kivae kwanza wiki kadhaa katika shughuli za kawaida. Beba soksi kavu na ubadilishe zinapolowa.

(c) Ukisikia moto chini ya wayo, simama wakati huo huo. Kausha mguu, funika mahali hapo kwa kitambaa au plasta. Lengelenge likishatokea usilitoboe kwa kitu kichafu.

(d) Kunywa maji kidogo kidogo, tena mara kwa mara, usingoje kiu. Mtu akishaishiwa nguvu kwa kupoteza maji mengi, mpe mchanganyiko huu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vipimwe sawasawa, visirundikwe.

(e) Tembea ukiyakabili magari, mmoja nyuma ya mwingine, na vaa nguo inayoonekana.

(f) Pumzika dakika kumi kila saa, hata kama unajiona una nguvu za simba.

(g) Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mwisho. Anayebeba maji atembee na huyo wa mwisho.

Kanuni ya (g) sikuipata katika kitabu chochote.

HITIMISHO

Tulirudi nyumbani, nami Jumatano nikaja shuleni nikiwa nimevaa ndala. Mkaniuliza, "Ulimaliza?" Nikasema ndiyo, na mkanipigia makofi. Makofi yale nayarudisha leo. Mpeni kaka yangu, ambaye siku hizi hutembea kila asubuhi hadi kando ya barabara na kurudi, fimbo mkononi, akisema anaulinda ule mguu usisahau.

Mama wa Sigor hatujamwona tena. Lakini lori linapopita likielekea Kainuk, nyanya huinua mkono kulipungia. Ukimuuliza anampungia nani, husema, "Labda linafika kwake."

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Mimi naongeza kwamba mwenda mbio hajui aliyejikwaa nyuma yake. Nyanya anasema nadhiri yake imeondolewa na hataki tena kusikia habari za kupanda gari hadi Uganda. Yangu bado. Nikimaliza kidato cha nne, Mungu akipenda, nitarudi Jinja nikiwa na viatu vikuukuu na mtungi wa lita tano, nimuulize kaka kama atakubali kutembea nami. Akikubali, nitakuwa nyuma yake.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Toa maana mbili za neno "hatua" na utunge sentensi moja kwa kila maana.

2. Kwa nini malengelenge hutokea upesi zaidi mahali penye unyevu kuliko mahali pakavu? Tumia mfano wa Mabira na Kalemng'orok.

3. Ukitembea kilomita 14 kwa hatua za sentimita 70, utapiga hatua ngapi?

4. Nyanya alisema, "Kisima hakihami." Eleza alichomaanisha, kisha utaje kisima ambacho wewe umepewa ukibebe.

5. Jadilini katika vikundi: je, aliyepanda bodaboda kutoka Najjembe anaweza kuitwa hujaji?